Panya wa Safu ya Chini

Siku ya nne baada ya kifo, Inspekta alirudi kwenye nyumba ya chatu akiwa na hakika ya jambo moja tu, nalo ni kwamba chatu hawakuhusika.

Daktari wa maiti alikuwa amempigia simu asubuhi ile. "Hakuna alama ya jino. Hakuna sumu. Mbavu zote nzima, shingo safi. Huyu mtu alikosa hewa, basi."

"Kama mtu aliyezibwa pua na mto?"

"Huyo ni mmoja. Kuna njia nyingi za kukosa hewa, Inspekta. Usije ukaniwekea mto kwenye faili."

Mto ulikuwa tayari kwenye faili. Inspekta aliuandika kwa mkono wake juzi, na kwa ajili ya mto huo ambao hakuna aliyeuona kwa macho, alikwenda makaburini kumkamata mdogo wa marehemu kabla maiti haijashushwa. Aliogopa atatoroka. Watu walinyamaza wakawa wanamtazama yeye badala ya kaburi, na kijana wa watu akapandishwa garini mikono ikiwa haijagusa udongo.

Ushahidi alikuwa nao, msije mkadhani alikurupuka. Marehemu alikuwa fundi saa, na mdogo wake fundi wa kuchomelea vyuma mtaa wa pili. Siku moja kabla ya kifo, jirani alimsikia mdogo akimfokea kaka yake: "Ipo siku utakufa na huo ukaidi wako!" Siku ya tukio, mke wa marehemu alipopiga mayowe, mdogo alikuwa wa kwanza kufika. Alama za vidole vyake zilikutwa kwenye koki ya mtungi wa gesi uliokuwa chumbani. Kisha jirani yuleyule, ambaye kwa kazi ya kuchungulia angestahili mshahara, alimwona nyuma ya nyumba akisokomeza kitu ndani ya shati. Alipoulizwa ni kitu gani, fundi wa kuchomelea alijibu "Hakuna," na tangu hapo hakufungua mdomo tena.

Kituoni Inspekta walimwita Bwana Tena, kwa kuwa kila shahidi akimaliza kusema yeye humwambia, "Haya, niambie tena." Asubuhi ile alijiambia mwenyewe: haya, kaangalie tena.

Mlango ulifunguliwa na mjane. Macho yalikuwa mekundu lakini kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri.

"Leo unataka chatu au panya?"

"Panya, dada."

"Afadhali. Siku ile niliona chatu wamekutosha."

Alisema kweli. Siku ya tukio, Inspekta alikaa saa nzima sebuleni mbele ya masanduku manne ya vioo, akiwatazama chatu wanne nao wakimtazama, jasho likimtoka mgongoni. Chumba cha panya alikitazama akiwa amesimama mlangoni, akaamuru kifungwe, akaondoka. Panya hawakuwa watu wa kuhojiwa.

Walipita kwenye korido hadi stoo ya mwisho. Inspekta alipitisha kidole ukingoni mwa mlango. Pande zote nne ulikuwa umebandikwa ukanda wa mpira, kama wa mlango wa friji.

"Huu mpira wa nini?"

"Harufu. Chatu wakinusa panya wanadhani chakula kinakuja, wanajigonga pua kwenye kioo usiku kucha. Na panya nao wakinusa chatu wanaingiwa na hofu. Mama panya akiingiwa na hofu anakula watoto wake."

"Anakula watoto wake mwenyewe?"

"Si kwa ubaya. Kwa hofu."

Inspekta aliandika hilo katika daftari lake. Kisha mjane akafungua mlango, na harufu ikawapokea wote wawili.

Stoo ilikuwa ndogo, haina dirisha. Ukuta wa kushoto ulijaa vizimba vya wavu, safu nne, kila safu vizimba vitatu. Ndani mlikuwa na maranda ya mbao, chupa za maji zilizoning'inizwa kichwa chini, na panya weupe. Wale wa juu walikuja mbio kwenye wavu walipomsikia mwenyeji wao.

"Uliniambia nisiguse kitu isipokuwa maji na chakula," alisema mjane. "Sikugusa. Wa chini wamekufa wote. Ndio wanaonuka."

"Wamekufa lini?"

"Siku ileile. Nilikuta wamelala pamoja naye."

Inspekta alihesabu. Safu ya kwanza na ya pili kutoka juu, wote hai. Safu ya tatu, hai, lakini wawili walikuwa wamejikunyata pembeni. Safu ya nne, iliyokaa sakafuni, hakuna kilichotikisika. Siku ya kwanza angeinama tu, angeona. Kuinama kulimshinda, mtu mzima, kwa kuogopa kwamba huenda chatu wa tano yuko chini ya vizimba.

"Marehemu alikutwa wapi hasa?"

"Hapo ulipo. Kigoda chake kile. Alikuwa anakaa kusafisha hawa wa chini kila alfajiri kabla ya kwenda dukani."

"Na ule mtungi?"

Mtungi wa chuma ulisimama pembeni, umefungwa mnyororo ukutani, na bomba jembamba likiingia kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Ni wa shemeji, wa kazi yake ya kuchomelea. Mume wangu alikuwa hataki kuwapa chatu panya mzima. Mwaka juzi panya alimng'ata yule mkubwa jichoni, nusura awe chongo. Tangu hapo anawatia panya kwenye ndoo, anafungulia gesi kidogo kidogo, wanalala. Hawalii hata kidogo. Alikuwa hapendi kiumbe kiteseke."

"Ni gesi gani?"

"Hiyohiyo inayotiwa kwenye soda, alisema."

Inspekta aliinua kichwa. "Haya, niambie tena ulivyofungua mlango siku ile."

Mjane alishusha pumzi. Alikwisha kusema mara tatu. "Niliona amechelewa chai. Nikafungua, nikamwona ameanguka. Nikapiga magoti nimshike. Kichwa kikanizunguka. Pua ikaniwasha..."

"Hukusema pua."

"Nilifikiri ni kulia. Iliniwasha kwa ndani, kama ukinywa soda halafu ukacheua ikapitia puani. Nikainuka kupiga kelele, ikaacha."

Ulipoinuka ikaacha. Inspekta aliurudia mstari huo mara mbili moyoni. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Hulala sakafuni kama maji yaliyomwagika, na aliye juu haoni taabu yoyote. Wa safu za juu walipona, wa safu ya chini wakafa, na mtu aliyekaa kwenye kigoda akainamia vizimba vya chini alikuwa, kwa hesabu hiyo, panya wa safu ya chini. Mto haukuwapo. Haukupata kuwapo.

Alipiga magoti. Suruali yake ya kazi ikalowa kitu ambacho hakutaka kukijua. Akamulika kwa tochi ya simu kizimba cha mwisho, kile kilichogusa ukuta, na nyuma yake akaona tundu. Lilikuwa ukutani usawa wa kifundo cha mguu, upana wa kutosha kupitisha ngumi, limewekewa wavu ambao waya wake mmoja ulikuwa umekatika. Mwanga wa nje uliingia bila kizuizi.

"Hili alilitoboa yeye?"

"Mwenyewe, kwa mkono. Alisema gesi ikivuja itokee hapo. Koki ilikuwa inavuja kidogo, shemeji alikuwa anamgombeza kila siku aurudishe mtungi. Yeye anasema, tundu linatosha."

"Basi mbona halikutosha?"

Inspekta aliuliza huku akisogeza tochi kizimbani. Alikuwa ameshaona kiota. Ndani ya kizimba cha mwisho panya jike alikufa akiwa amewalalia watoto wake saba, wadogo kama kidole. Viota vingine vyote vilikuwa vya maranda na magazeti yaliyochanwa. Hiki kilikuwa na nyuzi za sufu, za buluu, nyingi, zimesokotwa vizuri kuzunguka watoto. Alizivuta chache kwa kibano akazitia kwenye bahasha. Panya aliyekufa hajengi kiota. Kwa hiyo kitu cha sufu kilikuwa kimejaa kwenye tundu lile wakati panya angali hai, akakaa usiku kucha akikivuta uzi kwa uzi kupitia kwenye waya uliokatika. Na kilipokuwa hapo, gesi haikuwa na pa kutokea. Kisha mtu akakitoa.

"Tundu hili linatokea wapi?"

"Uchochoroni, upande wa chumba cha mama," alisema mjane, kisha akajishika mdomo, ingawa hakujua bado kwa nini.

Inspekta alizunguka nyuma peke yake. Uchochoro ulikuwa wa hatua tatu kwa sita. Tundu upande mmoja, dirisha la mama upande wa pili, na katikati kiti ambacho mama wa marehemu alikuwa amekalia akianika miguu juani. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, mwembamba, ametulia. Alivaa sweta ya buluu. Mkono wa kulia, karibu na kiwiko, ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mweupe, kiraka kikubwa kama kiganja cha mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu anakula huko?"

"Anakula kidogo."

"Anapenda chai ya moto sana. Mkimpa ya vuguvugu hatakunywa, na hatasema."

"Nitawaambia, mama."

Angeweza kumwuliza pale pale. Miaka ishirini na sita kazini, hajapata kumwacha shahidi bila kumwuliza. Lakini ulimi ulimgoma, naye akaaga kama mgeni aliyekuja kutoa pole, akaenda zake kwa aibu.

*

Fundi wa kuchomelea aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa na mikono mikubwa yenye vidonda vidogo vya cheche za moto, na siku tatu za ndevu. Alikaa, akatazama meza, kama siku zote.

Inspekta hakuuliza kitu. Alifungua bahasha akazimwaga nyuzi za buluu mezani.

Mtuhumiwa alizitazama kwa muda mrefu. "Umezitoa wapi?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu makaburini.

"Kwenye kiota cha panya. Sweta yote uliitoa, hizi hukuziona."

"Nilisahau kutazama ndani." Alifunika uso kwa viganja. "Nilipoingia, shemeji analia, kaka yuko chini. Nikainama, nikainusa. Sisi wa gesi tunaijua ile. Nikafunga koki. Nikasema haiwezekani, tundu lipo. Nikazunguka nyuma."

"Ukakuta sweta."

"Nikakuta sweta. Nikaitia ndani ya shati, nikaenda kuiweka kwenye kiti chake chumbani, nimeikunja vizuri."

"Ungesema siku ileile, ungelala kwako."

"Na yeye angelala wapi?"

Nje mtu alikuwa anapiga mhuri karatasi, moja baada ya nyingine.

"Mzee," fundi alisema, akisogeza kiti, "mama alikuwa analalamika harufu, basi. Hajui kama mle kuna gesi. Kaka alikataa kumwambia. Alisema, tukimwambia kuna gesi mle hatapata usingizi, ataogopa hadi kivuli chake. Akamwambia tundu ni la panya kupumulia. Na mimi nilijua koki inavuja, tena mtungi ni wangu. Nilifoka nikaondoka, badala ya kuubeba mabegani nikatoka nao. Sasa mama aambiwe ni yeye aliyemuua? Niandikie mimi. Andika mto, andika shuka, utakavyo. Nitatia saini."

"Siwezi kuandika mto ambao haupo."

"Juzi uliuandika."

Kofi lingekuwa na nafuu. Inspekta alizikusanya nyuzi moja moja akazirudisha kwenye bahasha, ili mikono ipate la kufanya.

"Nilikosa," alisema. "Nilikutoa makaburini kwa kosa langu, na hilo sina namna ya kulilipa. Lakini ukweli lazima uingie kwenye faili. Ni ajali. Hakuna atakayefungwa."

"Faili weka unachotaka. Nakuomba kitu kimoja tu. Usimwambie mama."

*

Mama alikuwa kwenye benchi la korido ya kituo.

Alikuja peke yake, kwa miguu, na konstebo wa mapokezi alikuwa amempa maji ambayo hakuyagusa. Sweta ya buluu alikuwa ameivua, imekunjwa mapajani. Inspekta alikaa pembeni yake. Hakujua aanzie wapi, na kumbe hakuwa na haja ya kuanza.

"Uliitazama sana hii asubuhi," alisema mama. "Nikasema, basi, amejua. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniulize. Siku ya kwanza nikasema, kesho nitasema mwenyewe. Siku ya pili nikasema kesho. Kinywa kilikuwa kizito, Inspekta. Mtoto wangu analala kwenye sakafu yenu, na mimi nasema kesho."

"Mama, hulazimiki..."

"Jioni ya kuamkia msiba nilikuwa na mgeni. Tulifanya kazi pamoja wodini miaka thelathini, alikuja kunijulia hali. Akaziba pua. Hakusema neno, aliziba tu, hivi. Nikaona aibu. Alipoondoka nikavua sweta nikaisokomeza kwenye lile tundu. Mpaka asubuhi tu, nilisema. Walikuwa wameniambia ni la panya kupumulia. Nikasema, panya wasipopumua usiku mmoja, nani atawalilia?"

Alilainisha kiraka cha uzi mweupe kwa kidole gumba.

"Asubuhi nikaikuta kwenye kiti changu, imekunjwa, mkono umeliwa. Sikuitoa mimi. Halafu nikasikia mmemkamata mdogo kwa kuwa alificha kitu ndani ya shati. Huyo tangu ana miaka sita akificha kitu anakificha ndani ya shati. Maandazi, mpira, kila kitu. Nikakaa nikaishona. Lile tundu lilikuwa la nini, baba? Niambie. Kila mtu nyumbani anajua isipokuwa mimi."

Inspekta alimwambia. Hakuficha wala hakupamba: gesi ya kuwalaza panya, koki inayovuja, namna inavyolala chini na kutafuta mahali pa kutokea. Mama alisikiliza kama muuguzi anayepokea zamu, akiitikia kwa kichwa kila kipande.

"Mkubwa alijua inavuja," alisema mwishoni. "Mdogo alijua. Mkwe wangu alijua. Wote walijua, na mkono ni wangu."

"Walikosa kukuambia, mama."

"Walinionea huruma." Alisema neno hilo kwa uchungu. "Utaandika?"

"Lazima niandike."

"Andika. Karatasi zako hazilali kwenye meza yangu. Lakini mwanangu akitoka, usimwambie kwamba najua. Amekaa siku tatu gizani ili nisijue. Nikijua, atakuwa amekaa bure."

Inspekta aliinuka kwenda kutia saini karatasi za kumwachia. Kisha akamtoa mtuhumiwa yeye mwenyewe, akamrudishia mkanda na viatu. Mlangoni fundi alimshika mkono, akanong'ona.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia."

Hilo tundu alikuwa amemweleza, lakini kosa lake mama hakuhitaji kuambiwa na mtu. Inspekta alijua kwamba jibu lake lilikuwa nusu, na akaubeba uzito wa nusu nyingine.

"Mama, umekuja kwa miguu?" fundi alisema walipofika kwenye benchi. "Jua lote hili?"

"Nani angenileta? Umekonda. Walikupa chai ya vuguvugu?"

"Ilikuwa ya moto, mama."

Inspekta aliwaambia gari lipo, atawapeleka makaburini sasa hivi wakitaka. Mama aliinuka. Aliikunjua sweta akaivaa polepole, mkono wa kushoto, kisha wa kulia wenye kiraka. Fundi alikitazama kile kiraka. Mama alimtazama anavyokitazama. Konstebo wa mapokezi akaacha kupiga mhuri.

Kisha fundi akasogea, akamfunga mama yake kifungo cha juu kwa vile vidole vyake vya cheche.

"Kuna baridi, mama," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Kuna baridi."

Ilikuwa saa saba mchana, na bati la kituo lilikuwa linapasuka kwa joto. Bwana Tena hakumwomba yeyote arudie alichosema. Alikwenda kutafuta ufunguo wa gari.